Akiba na Akaunti Zako Unapojiandaa Kufilisika Kisheria

Mwezi wa Juni mwaka 2025, nikiwa mkazi wa Minnesota na mhudumu katika nyumba ya kutunzia wazee, niliwasilisha mahakamani ombi la kufilisika chini ya Sura ya 7 ya sheria ya ufilisi ya Marekani, ile inayomfutia mtu madeni baada ya mali yake isiyolindwa na sheria kutumika kuwalipa wadai. Madeni yangu yalianza na bili ya hospitali niliyoilipa kwa kadi ya mkopo, kisha nikachukua kadi ya pili ili niilipe ya kwanza, na kwa miaka mitatu riba ikawa inameza karibu kila nilichotoa. Tangu nilipoanza kulizungumza jambo hili waziwazi kanisani kwetu, nimeulizwa maswali mengi na Wakenya na Watanzania wenzangu, na wengi wao hawaulizi kuhusu madeni. Wanauliza kuhusu ile akiba ndogo iliyobaki: je, itachukuliwa, niihamishe, nimpe dada aniwekee? Kutolijua jibu mapema kulinigharimu dola 2,300, na nimeona wengine wakijitia katika hatari kubwa kuliko hasara hiyo.

Jambo la kwanza kulielewa ni uzito wa siku yenyewe. Saa ile ombi linapoingia mahakamani, kila unachomiliki huhesabiwa kuwa mali ya ufilisi, na msimamizi wake ni mfilisi anayeteuliwa kwa kazi hiyo. Kwa upande wa benki, kinachotazamwa ni salio lililokuwamo siku hiyo, si la wiki iliyotangulia wala la mwezi ujao. Hundi uliyomwandikia mwenye nyumba, ikiwa hajaipeleka benki, haijapunguza kitu. Fedha zile bado zinahesabiwa kuwa zako, na katika baadhi ya maeneo ya Marekani, kwa kuwa mahakama hazikubaliani juu ya hili, mfilisi anaweza kuzidai kutoka kwako hata kama baadaye zimekwenda kwenye kodi. Kwa sababu hiyo wakili wangu alikataa kuwasilisha ombi tarehe 2, akangoja hadi hundi ya kodi ilipopita. Mshahara wa kazi unayoifanya baada ya siku ile, katika Sura ya 7, ni wako.

Sasa niseme nilipokosea. Nilikuwa mwanachama wa ushirika mmoja wa akiba na mikopo, na humo nilikuwa na dola 2,300 za akiba, mshahara wangu ukiingia humo humo, na kadi ya mkopo ya ushirika huo huo niliyodaiwa dola 3,900. Sikumwambia wakili kwamba akiba na deni vilikuwa chini ya paa moja, kwa kuwa sikuona uhusiano wowote. Taarifa ya mahakama ilipowafikia, waliizuia akaunti. Ufilisi huwasimamisha wadai wasikufuate, lakini benki unayodaiwa inaruhusiwa kuzishikilia fedha zako kwa muda huku ikiomba idhini ya kukata deni lake. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikwisha kulithibitisha hilo mwaka 1995. Nilikaa wiki mbili bila nauli, na mwishowe haki yao ya kukata deni ilionekana kuwa na nguvu kuliko kinga, yaani ruhusa ya kisheria ya kubaki na mali fulani, niliyokuwa nimeiomba juu ya fedha zile.

Ningalijua, ningalifungua akaunti katika benki nisiyodaiwa hata senti moja, ningaliuhamisha mshahara angalau vipindi viwili vya malipo kabla ya ombi, kwani idara za mishahara huchelewa, na ningalisimamisha makato yote ya moja kwa moja kwenye akaunti ya zamani. Hakuna kosa katika kufanya hivyo, mradi uiorodheshe akaunti mpya pamoja na ile ya zamani hata kama umeifunga, kwa maana fomu za mahakama huuliza akaunti zote zilizofungwa ndani ya mwaka mmoja uliopita.

Hata benki isiyokudai inaweza kukuzuilia fedha. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa, mahakama ya shirikisho ya majimbo ya magharibi, iliamua shauri la mume na mke wa Nevada ambao benki yao iliyafunga masalio yao mara ilipopata habari za ufilisi, ikingoja maelekezo ya mfilisi. Mahakama ilisema benki haikuvunja sheria, kwa kuwa fedha zile zilikuwa bado mali ya ufilisi. Basi mwulize wakili wako, anayezifahamu benki za eneo lenu, ni zipi zenye desturi hiyo, na uwe na chakula na nauli ya wiki mbili mahali pengine panapojulikana na kuandikwa kwenye fomu.

Habari njema ni kwamba sheria haitaki utoke mikono mitupu. Minnesota huruhusu mdaiwa kuchagua kati ya kinga za jimbo na zile za shirikisho, na tangu tarehe 1 Aprili 2025 kinga ya shirikisho inayofaa kwa mali ya aina yoyote ni dola 1,675, pamoja na hadi dola 15,800 za kinga ya nyumba ambayo hukuitumia. Kwa mpangaji kama mimi, asiye na nyumba, jumla inafika dola 17,475, na akiba ya watu wengi tunaofahamiana haifiki huko. Majimbo mengine, kama vile Ohio, hayatoi uchaguzi huo, hivyo usiichukue hesabu yangu ukaipeleka kwako bila kuuliza.

Akiba ya uzeeni ya kazini, ile iitwayo 401(k), inalindwa vizuri zaidi kuliko fedha za benki, na ndiyo maana huniuma kusikia mtu ameivunja ili alipe kadi za mkopo. Ukiitoa kabla ya umri wa miaka 59 na nusu, kwa kawaida unatozwa kodi ya mapato na adhabu ya asilimia 10 juu yake, na ukishaiweka benki umeitoa kwenye ngome ukaiacha uwanjani. Mwenzangu mmoja kazini alifanya hivyo, akalipa kadi mbili, na miezi minane baadaye alifilisika vilevile.

Linalotutatiza sisi zaidi kuliko wenyeji ni fedha zilizochanganyika na za ndugu. Ukimrudishia kaka yako mkopo wake ndani ya mwaka mmoja kabla ya ombi, huku ukiwaacha wadai wengine, mfilisi anaweza kumfuata yeye na kumtaka azirudishe. Uliyetaka kumwondolea mzigo ndiye unayemletea kesi. Fedha unazomtumia mama nyumbani si kosa, lakini zawadi zinazozidi dola 600 kwa mtu mmoja ndani ya miaka miwili lazima ziandikwe, na risiti za kutuma zikusanywe. Ama kumpa mtu akiba akufichie, hilo ni kosa la jinai linaloweza kukupeleka gerezani hadi miaka mitano, na hata usiposhtakiwa unaweza kunyimwa msamaha wa madeni yako yote. Mali ya ufilisi ni mali popote ilipo duniani: hisa za Sacco ya Nairobi, salio la M-Pesa, kiwanja cha Kitengela, yote huandikwa. Mimi nilikuwa na shilingi 84,000 katika Sacco nyumbani, na nilitetemeka kuziandika kwa kuogopa kwamba ndizo zitakazoniangusha. Kinga ile ile ya dola 17,475 ilizifunika.

Chama chetu cha kina mama kilinipa usiku mwingi wa kukosa usingizi. Tulikuwa kumi, kila mmoja akitoa dola 200 kwa mwezi na kupokea kwa zamu, nami nilikuwa mweka hazina, fedha zikikaa katika akaunti yenye jina langu peke yangu. Sheria inatambua kwamba unaweza kushika fedha zisizo zako, na fomu ina swali mahususi kuhusu mali ya wengine iliyo mikononi mwako, lakini kusema tu hakutoshi. Ikiwa ndani ya akaunti hiyo umeingiza mshahara wako na kulipia mafuta ya gari, utamthibitishiaje mfilisi kwamba dola zipi ni za Mama fulani? Nashukuru kwamba daftari letu lilikuwa safi. Mwezi wa Machi tulifanya kikao, tukaandika kumbukumbu zilizotiwa sahihi na wote kumi, tukazihamishia fedha kwenye akaunti iliyofunguliwa na wanachama wawili, na uhamisho huo nikamweleza wakili na kuuandika kwenye fomu pamoja na daftari lenyewe. Wakili alinieleza pia jambo ambalo hatukuwa tumelifikiria: ikiwa umechanga na zamu yako haijafika, zile unazodai chama ni mali yako na huandikwa; lakini ikiwa zamu yako imepita na bado unachanga, wenzako ni wadai wako na majina yao huingia katika orodha. Mimi nilikuwa nimekwisha kupokea. Ilinibidi kuwaeleza kina mama wale, mmoja mmoja, kwamba watapata barua kutoka mahakamani, na kwamba hata deni langu kwao likifutwa, sheria hainikatazi kuendelea kuchanga kwa hiari yangu. Niliendelea.

Mkutano na mfilisi ulifanyika kwa njia ya video na haukuzidi dakika kumi. Alitaka taarifa ya benki inayoonyesha siku ya ombi, akauliza kama kuna mtu anayenishikia mali, akauliza kuhusu Sacco, akaridhika. Barua ya kufutiwa madeni ilinifikia Septemba.

Hata baada ya barua hiyo sikuondoa jicho kwenye kalenda, kwa sababu urithi unaokuangukia ndani ya siku 180 baada ya ombi nao huingia katika mali ya ufilisi, hata ukiwa ni sehemu ya shamba la baba huko nyumbani. Msiba ukitokea katika kipindi hicho, mpigie wakili wako simu kabla ya kutia sahihi karatasi yoyote ya mgawanyo ambayo wazee watakuletea.