Kitambaa badala ya ukuta: jibu kwa dada wa Wete

Dada yangu, umeuliza iwapo ukuta wa kuandikia kwa chaki, kama ule alioubuni msanii Candy Chang mwaka 2011 kwenye nyumba iliyotelekezwa mjini New Orleans, Marekani, unaweza kuwasaidia wanawake wa kikundi chenu kuyatoa yanayowakera: deni la dukani, mahitaji ya skuli, mume aliye mbali. Kwa maoni yangu, ukuta haufai. Katika mtaa ambao watu wanajuana hata kwa mwendo, anayesimama barabarani akaandika amekwisha kujitambulisha, na mvua za masika hazitabakisha neno.

Tumieni kitambaa. Jina la kanga, yaani msemo ulioandikwa juu yake, limewazoesha wanawake wetu kusema yale ambayo mdomo unayaonea haya. Kwa hiyo kila mmoja apewe kipande cheupe, akaandike au kuchora nyumbani bila kumtaja mtu, kisha akitie ndani ya kikapu chenye mfuniko. Mwandiko nao hufichua, basi mtu mwaminifu wa shehia (eneo linaloongozwa na sheha) nyengine ayanakili maneno yote kwa rangi moja kabla hamjakaa kuviunga vipande viwe kitambaa kimoja cha kutundika (na huko kushona pamoja, nadhani, ndiko kutakakofungua mazungumzo).

Kipande kinachotaja kipigo au kukata tamaa ya maisha kisitundikwe. Kwa kuwa mwandishi hajulikani, watangazieni wote kuwa Kituo cha Mkono kwa Mkono, kinachowasaidia waliofanyiwa ukatili, kipo hospitalini Chake Chake. Mkitaka kuonesha kazi hadharani, mwombeni kila mshiriki ridhaa, kisha mumwarifu sheha.