Mkuu, usiifute hiyo safari! "Put off" sio kuzima

Usiitume hiyo imeili. Unauliza "put" ina maana ngapi na wakati uliopita inakuwaje, halafu mwishoni kabisa unadokeza, kama kitu kidogo tu, kwamba mteja kaandika "we need to put off the trip" na unataka kumjibu umeshafuta. Mkuu, hapohapo ndipo nilipoungulia mimi.

Ilikuwa Arusha, mwaka wangu wa kwanza kwenye kiofisi cha safari. Wateja wawili wa Leeds, Uingereza, walikuwa na siku nne kaskazini mwa Serengeti, mwezi Agosti, wakati nyumbu wanavuka Mto Mara na hema linatafutwa kwa tochi. Mwezi wa sita wakaandika: "Sorry, we have to put off the safari. Mum is in hospital." Mimi kichwani: put off taa ni zima, put off redio ni zima, put off safari... nikaizima. Nikapiga simu kambini, nikaachia hema, nikaenda zangu kula mishkaki. Hema likachukuliwa na ofisi nyingine hata pilipili haijaniisha mdomoni.

Wiki mbili baadaye wanaandika kwa furaha: mama karudi nyumbani, tarehe 20 badala ya 9 itawezekana? Kumbe walitaka kuahirisha! Kambi ikagoma kurudisha advansi, dola 1,100, maana tuliofuta ni sisi. Na kinachouma zaidi, meneja wa kambi aliniambia ningeomba kusogeza tarehe angesogeza bure. Bosi alinikata mshahara miezi saba. Chekeni tu, mimi mwenyewe siku hizi nazima taa kwa adabu.

Sasa yule ticha wa tuisheni aliyetuuzia kijitabu chake, "put" ni weka, "put on" ni washa, "put off" ni zima, basi, ukurasa umekwisha! Pesa yangu alikula na akanikabidhi bomu. "Put off the light" tunaisema sana sisi huku. Mwingereza wa leo mara nyingi atasema "turn off" au "switch off". Hilo hakulisema.

Kwa hiyo shika hili moja: usiitafsiri "put" peke yake. Soma mkia wake (off, on, up, down), kisha soma kinachofanyiwa. Put off safari, umeahirisha. Harufu ikiku-put off, imekukata hamu. Put up with ni kuvumilia, wala hakuna kinachowekwa juu. Kwani wewe ukisikia "wekeza" unaielewa kama "weka"? Sisi mkia tunaugandisha kwenye kitenzi, wao wanauacha nje unaning'inia, ndiyo maana tunaurukia. Na mgeni akikwambia "we had to put the dog down", usimuulize walimweka wapi. Mbwa aliugua, wakamchomesha sindano ya kufa. Mimi niliuliza. Akalia mbele ya dereva.

Wakati uliopita ni put hiyohiyo, haibadiliki. Sasa mwandikie mteja: "Would you like new dates, or shall we cancel?" Kambi usiiguse mpaka ajibu.

Halafu njoo utuambie kama ulikuwa hujabonyeza.