Memori Inapovuja Ndani ya Kerneli: Kwa Mnaoanza Kutunza Seva Hapa Lamu

Seva ya Linux inapoishiwa na memori, ushauri wa kwanza mtakaopewa katika ofisi zetu za Amu ni kuizima na kuiwasha upya, na wa pili ni kuagiza RAM Mombasa, ije kwa basi hadi Mokowe kisha ivushwe kwa boti. Nawasihi msikubali haraka lolote kati ya hayo, kwa kuwa kuizima mashine hufuta ushahidi wote, na RAM mpya, iwapo kerneli yenyewe, yaani kiini cha Linux kinachosimamia mashine, inavujisha memori (inaichukua bila kuirudisha), itajaa vilevile, ila itachelewa kidogo.

Anzeni kwa kulisoma faili la /proc/meminfo. Msishtushwe na mstari wa MemFree, ambao huwa mdogo hata mashine ikiwa nzima, kwani kerneli huitumia memori isiyo na kazi kuhifadhi mafaili yaliyosomwa karibuni na huirudisha programu zinapoihitaji. Wa kuutegemea ni MemAvailable, unaokadiria memori ambayo programu bado zinaweza kupewa, ulioongezwa katika toleo la 3.14 la kerneli mwaka 2014.

Mstari huo ukiendelea kushuka, na programu zote kwa jumla hazionyeshi kula kiasi hicho, igeukieni kerneli. Katika faili lilelile, SReclaimable (memori ya kerneli yenyewe inayoweza kurudishwa) kubwa baada ya kunakili mafaili mengi usiku si ugonjwa, kwa sababu sehemu hiyo hurudishwa kerneli inapobanwa. SUnreclaim (ile isiyoweza kurudishwa) inayopanda siku zote, isishuke hata watu wanapoacha kazi kwenda swala ya Ijumaa, ndiyo ya kuogopwa. Wekeni kazi ya cron (kiendesha kazi kwa ratiba) inakili kila saa /proc/slabinfo, orodha ya vitu ambavyo kerneli imevitengea memori, kisha linganisheni nakala, maana namba moja peke yake haithibitishi kuvuja. Aina ya vitu inayoongezeka mara nyingi huwa na jina linaloelekeza kwenye draiva fulani, yaani programu ya kerneli inayoendesha kifaa. Ikiwa ni jina la jumla kama kmalloc-256, mtahitaji kmemleak, zana ya kerneli ya kutafuta memori iliyovuja, iliyoingia katika toleo la 2.6.31 mwaka 2009. Hiyo hufanya kazi tu kwenye kerneli iliyojengwa nayo, tena huielemea mashine, kwa hiyo ijaribuni kwenye mashine isiyotegemewa na wananchi.

Memori ikiisha kabisa, kerneli huua programu, na kwa kawaida huchagua iliyochukua memori nyingi. Mara nyingi hifadhidata ndiyo inayouawa, halafu ndiyo inayolaumiwa, jambo ambalo naliona ni dhuluma kwa walioiandika. Isomeni ripoti yote katika dmesg (amri inayoonyesha ujumbe wa kerneli), hasa hesabu ya slab_unreclaimable, ndiyo SUnreclaim ile, inayotolewa kwa kurasa (vipande vya memori) ambazo kwenye seva nyingi zetu ni za KB 4 kila mmoja.

Draiva ikishajulikana, jaribuni kerneli mpya zaidi. Ikiwa ni draiva ya kadi ya mtandao, msiiondoe mkiwa mbali, kwani mtajikatia njia ya kuingia. Tatizo likibaki, waandikieni wanaoitunza, mkiambatisha toleo la kerneli lililotolewa na amri ya uname -r pamoja na zile nakala za slabinfo zenye saa zake.