Kabla hamjapigilia fimbo nyingine za athi, fuata waya ulipo

Ndugu, umeuliza hivi: pampu zenu za spiriti zina sensa za mtetemo na joto la beringi, namba zinarukaruka kila mvua ya jioni ikija, fundi wa stima anataka mpigilie fimbo tatu zaidi za athi (muungano na ardhi), na bosi anauliza kama mtoe bariya za zena, vile vikinga vya paneli vinavyozuia stima kubwa isifike kwenye sensa, mnunue aisoleta, kifaa kinachotenganisha paneli na sensa. Mimi ni fundi wa ala, yaani vifaa vya kupimia, nimekaa miaka tisa kwenye kiwanda cha spiriti ya molasi huku ukanda wa miwa.

Fimbo kwanza, maana hilo ni fupi. Namba zikiruka, mara nyingi shida si uhaba wa athi bali ni athi mbili. Angalia wavu wa shildi ya kebo, ule wavu wa chuma unaozunguka nyaya: utakuta umefungwa kwenye athi ya paneli na tena kwenye athi ya kule kwenye pampu. Radi ikipiga, ardhi ya huku na ya kule hazina volti sawa, na tofauti hiyo inapita kwenye shildi yako. Ifunge upande wa paneli tu. Ule wa pampu ikate, uizungushie tepu isiguse chuma. Na ufungue boksi la maungio pia. Kesi zangu kadhaa zilikuwa maji tu.

Sasa bariya. Siku moja kwenye ukaguzi nilipima kutoka kwenye ile shaba ambayo bariya zimefungwa hadi athi kuu ya kiwanda, multimita ikaandika OL, yaani hakuna muungano. Nikazunguka nyuma ya jengo. Waya wa athi, ule wa kijani na njano, ulikuwa umekatwa kwa msumeno usawa wa udongo, na buibui alishajenga kwenye ncha iliyobaki. Shaba ilikwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu; hii ilikuwa kabla ya ile marufuku ya biashara ya vyuma chakavu ya Januari 2022 hapa Kenya. Kilichonitoa jasho ni kwamba kwenye skrini kila kitu kilikuwa shwari. Joto la beringi linasomeka, mtetemo unasomeka, hakuna kengele hata moja.

Bariya iko hivyo. Siku stima ya volti 240 ikigusa nyaya za ala kwenye paneli, zena inaimwaga ardhini hadi fyuzi ya ndani ikatike. Waya wa ardhi ukiwa haupo, stima hiyo haina pa kumwagika, inakwenda hadi kwenye pampu. Na mvuke wa spiriti tupu unaweza kushika moto kuanzia nyuzi 13 hivi, wakati mchana wa Kisumu unakaribia 30. Waya huo unatakiwa uwe wa shaba wa 4 mm², au nyaya mbili za 1.5 mm² kila mmoja, na ukinzani hadi athi kuu uwe chini ya omu 1. Mimi huweka mbili, nikitaka kupima nachomoa mmoja na mwingine unabaki kazini.

Aisoleta hupitisha ishara kwa transfoma au kwa mwanga, pande mbili hazigusani kwa waya, kwa hivyo usalama wake hautegemei athi hiyo. Pia haili volti kama bariya: bariya ya volti 28 na omu 300 hufika karibu omu 340 ukijumlisha fyuzi, na kwenye miliampia 20 inameza karibu volti 7 kati ya 24 zako. Kwa hivyo bosi mwambie ndiyo, ila msinunue kwa bei tu. Linganisheni volti, ampia na wati za cheti cha aisoleta na za cheti cha sensa. Kama mna probu za ukaribu (sensa za mtetemo zisizogusa shafti) zinazotumia volti −24, zile hutoa mawimbi, si miliampia 4 hadi 20. Aisoleta ya kawaida itawapotezea mtetemo wote. Na radi haizuiwi na aisoleta. Inahitaji kizuia radi chake, nacho kinataka athi nzuri.

Jambo moja la aibu yangu: usipige megga, kile kipimo cha insulesheni cha volti kubwa, kabla ya kuchomoa kebo kwenye bariya. Niliua mbili kwa volti 500 asubuhi moja, na bariya ikikatika fyuzi hairekebishwi, inatupwa.

Chukua kibali cha kazi, gesi ipimwe, kisha upime hiyo shaba hadi athi kuu na uandike hapa umepata omu ngapi.