Ranger anayekufa wimbi la 11: anza na kile silaha inachosoma

Mkuu, maelezo yako nimeyasoma yote. Unacheza Brotato, ile gemu ya kupambana na mawimbi ya maadui na kununua vitu dukani kila wimbi likiisha. Una Ranger, mhusika wa silaha za mbali, mwenye SMG sita (bunduki za kumwaga risasi), upo Danger 3, yaani ngazi ya ugumu, na kila ukifika wimbi la 11 au la 12 unazidiwa. Umejaza asilimia ya madhara (nguvu ya kila pigo lako) hadi 60, mavuno umeanza kununua wimbi la 9, na kinga ipo sifuri. Umeuliza kama ubadilishe mhusika. Usimbadilishe. Ranger ni mzuri na SMG sita ni nzuri, kinachokuangusha ni mpangilio wa manunuzi. Machalii wengi ninaocheza nao hapa Arusha wanakwama palepale, halafu wanadhani tatizo ni vidole vyao.

Tuanze na silaha, maana hapo ndipo hesabu yote inapoanzia. Kabla hujanunua kitu chochote, fungua maelezo ya silaha uone inaongezewa na takwimu ipi. SMG ya daraja la kwanza ina madhara 3 kwa risasi, na inachukua nusu ya madhara ya mbali uliyonayo, yaani ile takwimu inayoongezea silaha za kupiga kwa mbali. Sasa piga hesabu. Asilimia 60 juu ya 3 inakupa 4.8, yaani umetumia hela nyingi kupata nyongeza isiyofika hata 2. Chukua upande wa pili: ukiwa na madhara ya mbali 12, nusu yake ni 6, jumlisha na 3 una 9, na hapo hujagusa asilimia hata moja. Ukija kuweka ile 60 juu ya 9, unapita 14. Asilimia inazidisha kile ilichokikuta, kwa hiyo itangulizwe nyongeza ya moja kwa moja, asilimia ifuate.

Kwa Ranger jambo hili lina uzito zaidi, kwa sababu kila nyongeza ya madhara ya mbali anaipata na nusu yake juu. Ukinunua 2, inaingia 3. Ndiyo maana ukipanda levo ukaletewa 5 ya asilimia na 1 ya madhara ya mbali, chukua hiyo 1 bila kusita, ingawa kwa macho inaonekana ndogo. Ila usiibebe kanuni hii kwenye kila silaha. Silaha nzito inayopiga taratibu, yenye madhara makubwa tangu mwanzo, inafaidika sana na asilimia. Na ukichukua mhusika wa ngumi au visu, madhara ya mbali hayakusaidii chochote.

Sasa muda. Takwimu ileile inaweza kuwa dhahabu wimbi la 3 na ikawa hasara wimbi la 13. Mavuno ndiyo mfano mkubwa. Kila wimbi likiisha unapewa vito vya kijani, ambavyo ndiyo hela ya dukani, na uzoefu sawa na mavuno uliyonayo, halafu yenyewe yanakua kwa asilimia 5. Faida yake inatokana na idadi ya mawimbi yaliyobaki hadi la 20. Wewe kuanza kununua wimbi la 9 ni kupanda mahindi mwishoni mwa masika: yataota, lakini mvua imeshakwenda. Nunua mavuno tangu duka la kwanza, na ukifika wimbi la 7 au la 8 acha kabisa, hata yakija kwa bei nzuri.

Mawimbi mawili matatu ya mwanzo kazi ni moja, kujaza nafasi sita za silaha. Mwanzoni silaha ni rahisi na duka linazileta kwa wingi, na huwa linaelekea kukuletea zinazofanana na ulizonazo. Usisubiri daraja la juu. Sita za daraja la kwanza zitakupa usalama, baadaye unaunganisha mbilimbili zinazofanana kupata daraja linalofuata. Ukiona SMG huna hela yake, ifunge isiondoke, utaikuta duka lijalo.

Nije kwenye kinga, maana hapa ndipo unapokufa. Kuanzia Danger 2, wimbi la 11 au la 12 linakuja na adui mkubwa wa pekee au kundi zito la maadui. Wewe unafika pale na kinga sifuri. Kinga 5 inapunguza madhara unayopata kwa robo, kinga 10 inapunguza asilimia 40, kinga 15 inapunguza nusu. Pointi za mwanzo ndizo zenye faida kubwa kuliko zote. Halafu kumbuka Ranger anakatwa robo ya kila nyongeza ya uhai anayonunua. Wengi wakiona wanakufa wanakimbilia uhai, na kwa mhusika huyu uhai ni bidhaa ya bei mbaya. Kinga haikatwi. Lenga uwe na 5 au 6 kabla duka la wimbi la 10 halijafungwa.

Nikupe duka moja nililolishuhudia kwa karibu. Tulikuwa Kijenge kwa rafiki yangu, tunacheza kwenye skrini moja (tangu sasisho la Oktoba 2024 mnaweza kucheza hadi wanne pamoja, jaribu, ni raha sana). Chalii mmoja alikuwa na Ranger kama wako, duka la wimbi la 8. Mbele yake kulikuwa na Glass Cannon, Helmet (inaongeza kinga), Coffee (inaongeza kasi ya kupiga) na SMG ya daraja la pili. Hela yake ilitosha ama Glass Cannon peke yake, ama Helmet na ile SMG. Glass Cannon inatoa asilimia 25 ya madhara na inakula kinga 3. Kinga yake ilikuwa 1. Akiichukua anaingia kwenye hasi, na kinga ikiwa hasi kila pigo linaongezeka ukubwa. Upande wa pili, ile SMG ya daraja la pili alikuwa na mwenzake wa kuunganisha naye, kwa hiyo angepata daraja la tatu papo hapo. Tulimwambia achukue Helmet na SMG, Coffee aifunge. Akaichukua Coffee duka lililofuata, na wimbi la 12 alilimaliza uhai wake haujashuka hata nusu. Glass Cannon yenyewe si kitu kibaya, na ukiwa na kinga 10 naweza kukushauri uinunue. Kwa kinga 1, Danger 3, hapana.

Kwenye kujiponya, kwa SMG sita chagua kunyonya uhai. Kila risasi inayogonga ina nafasi ya kukurudishia uhai 1, na wewe unamwaga risasi kama mvua. Asilimia chache tu unaiona kazi yake. Kuna kikomo cha uhai 10 kwa sekunde, kwa hiyo usirundike kupita kiasi. Kukwepa kunaishia asilimia 60, na ukinunua kidogo kidogo hakukusaidii, achana nako kwa Ranger. Bahati chukua kidogo mapema kama imekuja yenyewe. Uhandisi, takwimu ya mitambo inayojipigia yenyewe, usiuguse. Mwendo usikubali ushuke chini ya sifuri, mengine yote ya mwendo ni ziada.

Usipende sana kubadilisha bidhaa za duka. Kila ukibonyeza, bei ya kubonyeza inapanda, na mawimbi yanavyosonga inapanda tena. Bonyeza mara moja au mbili kama unatafuta kitu unachokijua, kwa mfano SMG ya kuunganisha. Kama unatafuta tu bahati, bakiza hela, duka lijalo linakuja.

Na angalia tarehe za miongozo unayosoma. Gemu ilianza kuuzwa mwaka 2022 ikiwa bado inajengwa, toleo kamili likatoka Juni 2023, na namba nyingi zimeguswa tangu hapo. Maelezo yaliyo ndani ya gemu yenyewe ndiyo ya kuamini.

Anza upya na Ranger huyohuyo, Danger 3 hiyohiyo. Ukifika duka la wimbi la 10 piga picha ya ukurasa wa takwimu uiweke hapa kabla hujaendelea, tuone madhara ya mbali na kinga vimefika ngapi, nikuambie cha kununua kwenye lile duka.