Pete ya fedha, saa ya njano na mkanda mweusi: nianze na kipi?

SWALI: Fundi, shikamoo. Mimi ni mtumishi wa umma hapa Kigoma, nina miaka 36. Mwezi wa 12 mdogo wangu anaoa Ujiji, nami ndiye msimamizi wake. Mchana, wakati wa kufunga ndoa msikitini, nitavaa kanzu nyeupe, koti na kofia. Usiku ukumbini nitavaa suti ya bluu iliyokoza na viatu vya kahawia. Pete yangu ya ndoa ni ya fedha. Saa ninayoivaa ina rangi ya dhahabu. Niliinunua mwaka jana kwa bei kubwa nikihakikishiwa kuwa ni dhahabu, lakini sasa imechujuka pembeni na inaniachia alama ya kijani mkononi. Mkanda nilionao ni mweusi. Nataka kununua vitu vizuri vya kudumu, yaani saa, mkanda, vifungo vya mikono ya shati na kibanio cha tai, lakini sijui nianze na kipi, rangi zipatane vipi, wala nitambueje kilicho halisi. Msomaji, Mwandiga.

JIBU: Marahaba, mwanangu, na hongera kwa heshima uliyopewa na mdogo wako. Nimekaa kwenye meza ya usonara na ufundi saa hapa Kigoma kwa zaidi ya miaka 30, na wanaume wengi wanaokuja kwangu na swali kama lako huwa wameshanunua vitu vitano kutoka maduka matano ndipo wanauliza kama vinapatana. Wewe umeuliza kabla ya kununua, na hilo limerahisisha kazi.

Kanuni ninayoifuata ni moja: anza na kile usichokivua. Pete yako ya ndoa iko kidoleni usiku na mchana, ukiwa na kanzu au suti, na ni ya fedha. Kwa hiyo madini yako yameshachaguliwa. Saa, bizimu ya mkanda, vifungo vya mikono na kibanio cha tai vyote vifuate weupe wa pete hiyo. Havihitaji kuwa vya fedha, kwa sababu chuma kisichoshika kutu na fedha hukaa pamoja bila kugombana machoni. Zaidi ya hapo, ndoa inafungwa msikitini, nawe unajua kwamba mafundisho ya dini yanamkataza mwanamume kuvaa dhahabu na hariri na kumruhusu pete ya fedha. Ukiwa na madini meupe mwili mzima, hutakuwa na jambo la kueleza mbele ya wazee wa Ujiji. Tai ya usiku nayo iangalie kitambaa chake kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa nieleze kilichoipata saa yako, maana ukikielewa hutauziwa tena. Saa hiyo si ya dhahabu, ni ya kuchovya. Umbo lake kwa kawaida huwa ni shaba ya njano, ambayo ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, na juu yake hulazwa utando wa dhahabu kwa njia ya umeme. Unene wa utando huo hupimwa kwa mikroni, na mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa kichwani una unene wa mikroni 70 hivi, lakini utando wa saa za bei ya chini mara nyingi haufiki hata mikroni moja. Joto letu la kando ya ziwa huleta jasho, jasho lina chumvi na tindikali kidogo, na mkono wa koti husugua kingo za saa kila unapoinua mkono. Ndiyo maana uchujukaji huanzia pembeni na mgongoni. Utando ukishatoboka, jasho hukutana na shaba, na ule ukijani unaouona ni chumvi za shaba. Si ugonjwa wa ngozi, wala si damu chafu kama wengine wanavyoambiwa.

Unaweza kuuliza kama inafaa kuchovywa upya. Inawezekana, lakini lazima kwanza uchovyaji wa zamani ung'olewe na umbo lisuguliwe, na kwa saa ya aina hiyo sishauri. Nilipokuwa kijana kazini nilisugua saa ya mteja kwa dawa ya kung'arishia ili imetemete siku ya arusi yake, nikala dhahabu yote ya kingo zake ndani ya dakika chache, kisha nikailipa kwa mshahara wa mwezi mzima. Tangu siku hiyo sigusi saa yoyote ya njano kabla ya kusoma mgongo wake.

Na mgongo ndio darasa lenyewe. Geuza saa usome. Ikiwa maandishi yanasema kwamba mgongo ndio wa chuma kisichoshika kutu, maana yake ni kwamba sehemu nyingine ya umbo si ya chuma hicho. Muuzaji atakuonyesha neno la chuma, wewe angalia neno la mgongo. Ukikuta imeandikwa kwamba saa yote ni ya chuma hicho, au umeona namba 316L, hapo una chuma kinachostahimili jasho na chumvi kwa miaka mingi. Kwa vito, tafuta mhuri wa namba: 750 ni dhahabu ya karati 18, yaani sehemu 750 kati ya 1,000 ni dhahabu tupu, 585 ni karati 14, 375 ni karati 9, na 925 ni fedha. Mhuri nao hughushiwa, kwa hiyo usiishie hapo. Usidanganywe na sumaku pia: dhahabu haishikwi na sumaku, lakini hata shaba haishikwi, kwa hiyo sumaku huweza kumfichua mwongo mmoja na kumpitisha mwingine. Kipimo cha kuaminika kwa sonara wa mji mdogo ni mizani na maji. Pete isiyo na jiwe hupimwa ikiwa kavu, kisha hupimwa ikiwa imening'inizwa ndani ya maji. Pete ya fedha ya 925 yenye gramu 10.4 itapungua takriban gramu 1 majini. Ikipungua gramu 1.2 na zaidi, wewe umenunua shaba iliyopakwa. Sonara mwaminifu atakufanyia hivyo mbele ya macho yako bila kinyongo.

Tuje kwenye saa mpya, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndicho kitu utakachokivaa miaka 20 ikiwa utakichagua vizuri. Nakushauri saa ya chuma kitupu, yenye uso mweupe au wa bluu iliyokoza, isiyo na vidude vingi usoni. Pima mzunguko wa kifundo chako kwa uzi: ukiwa na sentimita 16 hadi 17, saa yenye kipenyo cha milimita 36 hadi 39 itakukaa. La muhimu kuliko kipenyo ni urefu kutoka pembe ya juu inakofungwa mkanda hadi pembe ya chini. Pembe hizo zisivuke upana wa mkono wako. Unene nao uwe chini ya milimita 11 au 12, la sivyo mkono wa shati utakwama juu ya saa usiku kucha, nawe utakuwa ukiuvuta mbele ya wageni. Kioo kiwe cha yakuti ya kiwandani, ambayo ugumu wake katika kipimo cha Mohs, kile cha ugumu wa mawe kinachoanzia 1 hadi 10, ni 9. Chembe za mchanga wa kwarizi zilizomo katika vumbi zina ugumu wa 7, kwa hiyo haziwezi kukikwaruza, ilhali kioo cha kawaida hupata michirizi taratibu hadi uso wa saa unafifia.

Kuhusu maji, watu wengi hukosea. Saa iliyoandikwa mita 30 haikukusudiwa kuogelewa nayo ziwani. Imekusudiwa kustahimili matone tu. Wewe unatia udhu mara kadhaa kwa siku, basi chukua ya mita 50 au, bora zaidi, ya mita 100, na kwa matumizi ya kila siku iwe na cheni ya chuma. Mkanda wa ngozi unaolowa kila siku huanza kunuka na kukatika mishono kabla mwaka haujaisha. Nunua pia mkanda mmoja wa saa wa ngozi kwa ajili ya suti, na hakikisha nafasi ya kufungia mkanda kwenye saa ni milimita 20 kamili, maana kipimo hicho ni rahisi kupatikana popote. Mchana utavaa cheni na kanzu, usiku utabadilisha na kuvaa ngozi. Saa ni moja, lakini itaonekana kama mbili.

Mashine iwe ya betri au ya kujijaza kwa mwendo wa mkono, ni hiari yako. Ya betri ni sahihi zaidi na haisumbui. Ya kujijaza ina uhai wake, lakini itahitaji kufunguliwa na kutiwa mafuta kila baada ya miaka kadhaa. Jambo moja nalisema kwa uzito: usinunue jina kubwa la Uswisi la kughushi. Saa halisi ya Seiko au Citizen ina hadhi kuliko Rolex ya bandia, na siku ikiharibika fundi atapata vipuri vyake, ilhali ile ya bandia haina pa kupelekwa. Kwa Seiko nyingi, tazama namba ya tarakimu sita mgongoni: tarakimu ya kwanza ni ya mwisho ya mwaka ilipotengenezwa, na inayofuata ni mwezi. Muuzaji akisema saa ni mpya na namba ikaonyesha mwaka mwingine, mna la kuzungumza.

Mkanda wa suruali ndio kosa lako la wazi, na kwa bahati ndio wenye gharama ndogo. Viatu vya kahawia havivaliwi na mkanda mweusi pamoja na suti. Nenda dukani ukiwa umevaa viatu hivyo hivyo, na uchague mkanda mchana nje kwenye mwanga wa jua, kwa sababu taa za duka hubadilisha rangi ya kahawia. Si lazima ufanane kabisa, ila uwe wa ukoo mmoja: kahawia yenye wekundu na yenye wekundu, iliyokoza na iliyokoza. Mkanda wa saa uende humo humo. Upana wa sentimita 3 hadi 3.5 ndio wa suti. Tazama ukingo uliokatwa: ngozi nzima huonyesha nyuzi zilizoshikana, ya kubandika huonyesha tabaka kama za mbao za plaiwudi. Kunja kidogo, ngozi halisi hujikunja kwa mikunjo midogo, rekisini, yaani ngozi ya bandia, hubonyea tu. Mkanda wa pande mbili, mweusi huku na kahawia huku, siupendi, kwa kuwa ile bizimu inayozunguka hulegea mapema.

Vifungo vya mikono ya shati vinahitaji shati lenye matundu pande zote mbili, hasa la mkono unaokunjwa mara mbili, kwa hiyo nunua shati kabla ya vifungo. Viwe vya fedha au chuma, vidogo. Ukitaka jiwe, hapa ndipo tanzanaiti yetu ya Mererani inapofaa. Ugumu wake uko kati ya 6 na 7, hivyo kwenye pete ya mwanaume anayefanya kazi kwa mikono hukwaruzika na kupasuka, lakini kwenye kifungo cha shati haigongwi na kitu, na bluu yake yenye zambarau juu ya fedha, pembeni ya suti ya bluu, ni jambo la kupendeza sana. Kibanio cha tai kiwe kifupi kuliko upana wa tai, kikae kati ya kifungo cha tatu na cha nne cha shati, na kishike tai pamoja na shati. Leso ya mfukoni usiikate kitambaa kimoja na tai, nyeupe inatosha.

Mchana, kwenye kanzu, ondoa karibu vyote hivyo. Pete, saa na kofia vinatosha. Cha kupatanisha hapo ni nyuzi: rangi ya nyuzi za kofia iliyoshonwa kwa mkono ifuate darizi ya shingo ya kanzu, na koti liwe la rangi moja tulivu.

Kwa kuwa Desemba ni msimu wa mvua, viatu na mikanda uviweke ndani ya mfuko wa kitambaa, si wa nailoni, vinginevyo vitashika ukungu. Manukato jipulizie kwanza, yakauke, ndipo uvae saa na pete. Fedha ikiwa nyeusi ioshe kwa sabuni na kitambaa laini. Majivu na dawa ya meno huikwaruza. Ile saa ya njano itoe betri kabla hujaifungia kabatini, kwa sababu betri iliyokwisha huvuja na kuiua mashine, na mashine yake huenda ikawa ndiyo sehemu nzima pekee uliyoilipia.