Mwanangu, kuhusu swali lako la hekalu

Mama, meseji yako nimeisoma jana usiku nikairudia tena asubuhi kabla sijaenda saiti. Unauliza, kama Mungu alishasema kupitia manabii kwamba hekalu la Yerusalemu litajengwa upya, na Wayahudi wakausikia huo unabii ndo wakaenda kujenga, sasa hapo unabii umetimia au watu wamejitimizia wenyewe? Swali zuri hilo, mtu akikukemea kwa kuuliza mwache tu, mi nakujibu ninavyoelewa, mi ni fundi sio mchungaji.

Twende na mtiririko kwanza maana hapo ndo wengi wanachanganya. Hekalu la Sulemani lilichomwa na jeshi la Nebukadreza, mfalme wa Babeli, mwaka 586 KK. Kabla hata halijachomwa nabii Yeremia alishawaandikia barua wale waliotangulia kupelekwa Babeli, akawaambia Babeli ikitimiza miaka 70 watarudishwa. Mwaka 539 KK Koreshi mfalme wa Uajemi akaichukua Babeli, afu ruhusa ikatoka, rudini mkajenge, na vyombo vya hekalu vilivyobebwa vikarudishwa, Ezra anasema vilikuwa 5,400. Utakutana na watu chuoni watakwambia Isaya sura ya 44 inayomtaja Koreshi kwa jina iliandikwa kipindi kilekile cha uhamisho wa Babeli, sio kabla yake, wasomi wengi wanaona hivyo, wasikilize tu usigombane nao. Kuna na ile silinda ya udongo ya Koreshi, ilifukuliwa Babeli mwaka 1879 saivi iko British Museum kule London, inasema aliwarudisha watu na miungu yao makwao ila Yerusalemu haitaji kabisa. Nakwambia ili usije ukasikia mtu anaiongezea chumvi kanisani.

Sasa sikiliza kilichotokea. Wamerudi, Zerubabeli aliyekuwa liwali wa Yuda na kuhani Yeshua wakaweka msingi, wazee walioliona hekalu la kwanza wakalia kwa sauti na vijana wakapiga kelele za furaha mpaka huwezi kutofautisha kilio na shangwe, mimi hiyo picha kila nikiisoma lazima nisimame kidogo. Afu majirani wakaleta fitina, kazi ikasimama. Kama miaka 16 hivi! Mwanangu mi najua msingi ulioachwa unavyokuaga, nimeshaitwa kwenye saiti ya namna hiyo, nyasi zimetokea katikati, mbuzi wamelala juu, mawe ya pembeni yameshabebwa na watu wamejengea mabanda yao.

Mwaka 520 KK akasimama nabii Hagai. Na watu walikuwa wanasema nini? Kwamba wakati wa kuijenga nyumba ya Bwana haujafika bado. Hebu piga hesabu, kutoka 586 mpaka 520 ni miaka 66, mi naona kabisa kuna watu walikuwa wanahesabu ile 70 ya Yeremia wanasema bado minne, tutulie. Hilo ni wazo langu, hajaandika mtu pale, lakini linaniingia akilini. Yani unabii wanao mkononi na ndo wanautumia kukaa. Hagai akawauliza, nyinyi huu ndo wakati wa kukaa kwenye nyumba zenu zilizopigwa mbao na hii nyumba imebaki gofu? Pandeni mlimani mlete miti mjenge. Alisema siku ya kwanza ya mwezi wa sita, na tarehe 24 ya mwezi huohuo watu wakawa kazini.

Nabii Zekaria naye akasema mikono ya Zerubabeli imeweka msingi na hiyohiyo ndo itakayomaliza, na watu watafurahi wakiiona timazi mkononi mwake. Timazi! Ule uzito wa kuning'iniza kwenye uzi kupimia ukuta kama uko wima. Unaikumbuka ile yangu ya shaba, ulikuwa darasa la nne ukanishikia uzi pale kwenye kona ya jikoni ukawa unaniambia baba bado inacheza, tukasubiri mpaka ikatulia. Timazi haiinui tofali hata moja, ila bila hiyo ukuta unaenda unakotaka wenyewe. Mi unabii nauelewa hivyo, ulishaning'inizwa pale wima ndo watu wakapandisha kozi kwa mikono yao.

Ila kusema walijitimizia wenyewe hapana, haiwezekani. Koreshi hakuwa Myahudi, Babeli hawakuiangusha wao. Na walipoanza tena akaja liwali Tatenai anauliza kibali mmepewa na nani, nipeni na majina, akamwandikia Dario, mfalme wa Uajemi wa wakati huo. Wao huku hawakusimamisha kazi. Kule wakatafuta kwenye nyaraka, hati ya Koreshi ikapatikana Ahmetha, mbali huko Umedi, Dario akajibu waacheni wajenge na gharama zitoke kwenye kodi ya mfalme. Nani kati ya wale wajenzi angeweza kwenda kulitoa hilo faili? Likaisha 515 KK, kutoka kuchomwa mpaka kuisha unapata kama ile 70. Soma Ezra 6:14, mstari mmoja umeweka manabii, amri ya Mungu na amri za wafalme wote pamoja, yule mwandishi hakuona haja ya kuvitenganisha.

Kitu kimoja kinanisumbua nikwambie ukweli. Siku ya kuzindua lile hekalu Zerubabeli hatajwi. Kwenye kitabu cha Ezra mara ya mwisho jina lake lipo sura ya 5, wakati wanaanza tena, baada ya hapo kitabu kiko kimya. Mi naamini alimaliza kama Zekaria alivyosema, ila sioni mahali palipoandikwa, na nimesoma mara nyingi nikitafuta. Wewe una macho mazuri na vitabu vya huko chuoni, nitafutie, ukipata nipigie hata kama ni usiku.

Baba yako